Chumba cha Watu wa Ziwa

Mbalamwezi ikikolea, wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika hawaingii ziwani. Dagaa hufuata mwanga wa taa, na taa haifui dafu mbele ya mwezi mpevu. Kwa hiyo kila mwezi zipo siku ambapo vipe, ile mitumbwi miwili miwili iliyofungwa sambamba na wavu ukining'inia katikati, huvutwa mchangani. Karabai hufutwa masizi, nyavu hushonwa, na wachuuzi waliokuwa wamejaa vijijini kusubiri mzigo hurudi kwao Mpanda, Sumbawanga na Tabora. Gesti za mwambao hubaki tupu. Mimi na binamu yangu tulifika Ikola katika siku hizo, Julai ya mwaka 1991, na ndiyo maana niliyaona haya ninayoyaandika. Tungefika wakati wa giza, tungekuta kila kitanda kina mtu na tusingejua lolote.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Mpanda. Mkoa wa Katavi haukuwapo bado, ulizaliwa mwaka 2012; sisi tulikuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa na mambo yetu ya serikali yaliamuliwa Sumbawanga. Mpanda ni mji uliozaliwa na madini ya risasi. Waingereza walijenga tawi la reli kutoka Kaliua, kilomita 210 hivi za miombo mitupu, likafunguliwa mwaka 1950 ili kuyatoa madini hayo. Miaka kumi baadaye mgodi ukafungwa, reli ikabaki. Tangu hapo tulikuwa watu wa kutazama upande ule treni inakotokea. Sukari, magazeti, barua na wageni, vyote vilikuja na behewa kutoka Tabora. Ziwa lilikuwa mgongoni kwetu, kilomita mia na ushee tu, lakini watoto wa darasani kwangu waliowahi kuliona walikuwa wa kuhesabika. Nilikuwa nawaandikia ubaoni: urefu kilomita 673, kina mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi. Walinakili kwa mwandiko mzuri. Ilinikera kwamba tunalijua kwa namba tu.

Binamu yangu alikuwa amemaliza mwaka wake wa Jeshi la Kujenga Taifa, na alirudi na shanta lake na miguu isiyochoka. Tukakubaliana kwamba likizo ile tutateremka Ikola kwa lori, kisha tutembee kandokando ya maji kwenda kusini hadi Karema, na kutoka Karema hadi Kabwe, tukilala popote patakapotupokea. Wazazi wetu waliona ni upuuzi. Mtu anasafiri kwa msiba, kwa harusi au kwa biashara. Kutembea kwa ajili ya kutembea hawakuwahi kukusikia.

Safari ya lori sitaieleza sana. Tulikaa juu ya mifuko ya chumvi ya Uvinza, mbung'o wakatuuma hadi kupitia suruali, na alasiri, baada ya milima ya mwisho, maji yakatokea chini yetu. Nilitarajia kuona milima ya Zaire, Kongo ya leo, ng'ambo, kama ramani ilivyoniahidi. Haikuonekana. Wakati wa kiangazi moto wa misitu ya pande zote mbili hujaza ukungu wa moshi juu ya ziwa, na ng'ambo hufutika kabisa. Dereva alituambia kwamba mvua za kwanza zikinyesha, milima ya Marungu husimama hapo mbele wazi, na mtu asiyejua hudhani imesogea usiku.

Gesti ya Ikola ilikuwa nyumba ndefu ya matofali mabichi, bati juu, baraza mbele, na vyumba vikitazama uani. Mwenyewe alikuwa mama wa makamo, mjane, Mbende wa hapohapo. Tukamwamkia.

"Marahaba wanangu. Karibuni. Mwezi huu nimewapata nyie peke yenu."

Akatuletea kitabu cha wageni. Kila aliyelala gesti Tanzania enzi zile anakikumbuka: daftari kubwa lililochorwa mistari kwa rula, Jina, Kabila, Kazi, Atokako, Aendako, Sahihi. Nikaandika Mkonongo, Mwalimu, Mpanda. Kwenye Aendako nikaandika Kabwe. Alisoma, akatutazama miguu.

"Kwa meli?"

"Kwa miguu, mama."

Hakucheka. Alisema tu kwamba baada ya Karema kuna mahali majabali yanaingia majini, na hapo tusijaribu kuzunguka kwa maji kwa sababu ya mamba, tupande juu. Nilimpenda tangu hapo. Jioni alitupikia ugali wa muhogo na mgebuka uliokaushwa kwa moshi, ukaungwa kwa mawese hadi mchuzi ukawa mwekundu, na sisi watu wa mahindi na maharage tukala kimya.

Baada ya chakula nikaenda msalani, na kurudi nikaona mlango wa chumba cha mwisho, kilichokuwa upande wa ziwa, hauna kufuli wala komeo la nje. Milango mingine yote ilikuwa na kufuli. Ulikuwa umeegeshwa tu. Mwezi ulikuwa unaingia hadi ndani. Niliona kitanda cha kamba kilichotandikwa blanketi la kijivu, mkeka mpana umekunjwa ukutani, debe la maji limefunikwa kwa sahani. Kwenye kigoda palikuwa na khanga mbili zilizokunjwa vizuri, kipande cha sabuni ya mawese na kiberiti. Nikadhani kuna mgeni anayetarajiwa. Nikamuuliza mama.

"Hicho hakikodishwi, mwalimu. Hicho ni cha watu wa ziwa."

Akanieleza akiwa anaosha vyombo, kama jambo la kawaida. Kuanzia Mei au Juni, hadi mvua zinapokaribia, upepo wa kusini huvuma ziwani kwa nguvu. Boti inayotoka Moba au Mpala, upande wa Zaire, ikivuka kuja kwetu, ikazimika injini katikati, hailengi tena mahali. Inasukumwa kaskazini mpaka ufuko uipokee, na mara nyingine ufuko wa kuipokea ni huu wa kwetu. Watu hufika usiku wa manane, wamelowa, bila fedha, na mzigo umetupwa majini ili boti isizame. Marehemu mama yake alikuwa na nyumba ya nyasi mahali hapohapo na daima aliacha kona moja. Alipojenga ya bati akaona kona haitoshi, akatenga chumba.

"Na wakati wa giza, gesti ikijaa wachuuzi?"

"Wachuuzi wanalala barazani. Wanajua."

Binamu yangu akauliza swali ambalo mimi niliona haya kuliuliza, kwamba chumba hicho kingemwingizia kiasi gani kwa mwaka. Akamjibu kwamba ziwa ndilo linalomlisha yeye, wachuuzi wake na dagaa wao, basi na yeye halinyimi nafasi.

Hatukuondoka kesho yake, upepo ulikuwa mkali na mchanga ulikuwa unapiga usoni. Usiku wa pili nikaamshwa na sauti za watu ufukweni. Nilitoka nikamkuta mama amekwisha kuwasha moto uani na sufuria kubwa imetelekwa. Vijana wa wavuvi, wale ambao mwezi uliwapa likizo, walikuwa wamesimama majini hadi kifuani wakivuta boti ya mbao isogee ufukweni. Injini yake ilikuwa imekufa tangu mchana. Ndani mlikuwa na wanaume, wanawake, mzee mmoja aliyekuwa anatapika, na madumu ya mawese yaliyokuwa yamefungwa pamoja kwa kamba. Mwanamke mmoja kijana alikuwa na mtoto mchanga amemfunga kifuani badala ya mgongoni, na mikono yake ilikuwa imekaza juu ya kitambaa hata alipokuwa amekwisha kukaa nchi kavu.

"Tuko Tanzania?" aliuliza.

"Mko nyumbani," mama akamjibu, na akampa khanga kavu kabla ya kitu kingine chochote.

Nilisimama na kutazama jinsi kazi ile ilivyofanyika, kwa sababu haikuwa na vurugu hata kidogo. Mwanamke na mtoto waliingia chumbani, mzee akalazwa kitandani, mkeka ukakunjuliwa kwa wengine. Wanaume walioshindwa kuenea walipewa vyumba vitupu vya gesti, na kimoja walilala na binamu yangu. Maji ya moto yalitangulia, uji ukafuata. Hakuna aliyeulizwa jina mpaka amekula. Asubuhi balozi wa nyumba kumi alikuja na daftari lake la shule. Nilitazamia maswali ya vibali na pasipoti. Swali lake la kwanza lilikuwa moja: "Mmetimia?" Mzee akamjibu kwamba wametimia wote waliopanda. Balozi akafumba daftari kwanza, akashukuru Mungu, ndipo akalifungua tena na kuandika majina.

Fundi wa injini alipatikana kijijini. Upepo ulipolala, wakaondoka alfajiri na kuacha dumu moja la mawese mlangoni bila kumwambia mama. Alilikuta walipokuwa wameshapotea katika ukungu. Akakasirika kweli, akasema mwakani wakipita lazima walichukue.

Kutoka Ikola hadi Karema tulitembea kwa raha. Mchanga mahali pengine ni mwembamba na mgumu, mahali pengine ni kokoto zinazochosha vifundo. Maji ni maangavu kiasi kwamba ukisimama hadi magotini unaona samaki wadogo wenye milia wakizunguka kucha zako. Hakuna aliyetupita bila salamu. Watoto walitufuata wakiamini shanta lina dawa.

Karema ndiyo sehemu ya safari ambayo ningeweza kuiandika kitabu kizima. Misheni imesimama juu ya kilima, mbali na maji, ilipokuwa ngome ya Wabelgiji, na mtu akiiona hujiuliza kwa nini wajenge ngome mahali pasipo na bandari. Jibu ni ziwa lenyewe. Wabelgiji wa Chama cha Kimataifa cha Afrika, kile cha Mfalme Leopold wa Pili, walifika hapo mwaka 1879 wakiongozwa na Kapteni Cambier, na wakati huo maji yalikuwa yamejaa hadi karibu na kilima. Lakini miaka hiyohiyo mto Lukuga, upande wa Kongo, ulizibua mlango wake na ziwa likaanza kutoka. Maji yakashuka mita kadhaa, ufuko ukakimbia, ngome ikaachwa nchi kavu. Wabelgiji haohao walileta tembo wanne kutoka India wafunze tembo wetu kubeba mizigo. Walishushwa Msasani, wakatembezwa nchi nzima, na si wote waliofika Karema hai, na waliofika hawakudumu. Carter, aliyewaongoza tembo hao, aliuawa Mpimbwe mwaka uliofuata katika vita vya akina Mirambo. Mwaka 1885 ngome ikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe.

Tulipewa chumba cha wageni hapo misheni, ukuta mnene na baridi tamu mchana kutwa. Mlinzi wa usiku alikuwa mzee mwenye mvi, na nilipomuuliza kuhusu kaburi la Daktari Atiman alivua kofia kwanza. Kisha akakunja suruali akanionyesha kovu refu kwenye muundi wa mguu wake wa kushoto. Alikuwa kijana mdogo, alisema, mguu umeoza, nyumbani wameshamkatia tamaa. Atiman aliusafisha kila siku kwa mkono wake mpaka ukapona. "Hakuwa na haraka na mtu," alisema mzee, akateremsha suruali.

Nataka vijana wa Katavi wamjue mtu huyu kuliko wanavyowajua wachezaji wa Ulaya. Adrien Atiman alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Mali, akaibwa akiwa mtoto, akauzwa kuvuka Sahara, na Mapadri Weupe wakamnunua ili kumkomboa. Wakamsomesha udaktari Malta. Alifika Karema mwaka 1889 akiwa kijana wa miaka ishirini na ushee, akaoa hapohapo, mwanawe akawa padri, naye akatibu wagonjwa na kufundisha dini katika mwambao huu hadi alipofariki mwaka 1956. Miaka zaidi ya sitini na mitano mahali pamoja. Aliyenyang'anywa kwao utotoni aliwafanya watu wasiokuwa wa kwao kuwa wa kwake.

Njia ya Kabwe ilikuwa ngumu, majabali yalikuwa mahali palepale mama alipotuambia, tukapanda juu. Kule Kabwe gesti ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka, na mwenye duka alikataa fedha yetu kwa sababu tulikuwa tumetokea Karema kwa miguu.

Tulirudi na meli ya Liemba. Ilikuwa inatoka Mpulungu, Zambia, kuelekea Kigoma, na ilitangaza kuja kwake kwa honi usiku, mbali na ufuko, kwa sababu Kabwe hapakuwa na gati. Ghafla ziwa likajaa mitumbwi. Kila mpiga kasia anataka kuwahi mlango wa ubavuni, magunia yanapanda, mbuzi wanapanda, mama mmoja anapandishwa kwa mikono huku mwanawe akirushwa mbele yake na kudakwa na mtu asiyemjua. Meli ile ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba. Usiku ule ilikuwa na umri unaozidi wa babu wengi waliokuwa wamelala sitahani.

Juu walikuwapo Wazungu vijana wenye mikoba mikubwa ya mgongoni. Walikuwa wanapita Afrika kutoka kusini kwenda kaskazini. Mmoja aliniuliza pale gizani pana nini. Kwa kuwa ulikuwa wakati wa mbalamwezi, hata taa za wavuvi hazikuwapo, na mtu wa melini aliona mstari mweusi tu. Nilimweleza kuhusu Ikola, Karema, kaburi la Atiman, chumba kisicho na kufuli. Alisikiliza kwa makini sana. Lakini kitabu chake cha safari kilitoka Mpulungu kikaenda moja kwa moja Kigoma, na wote walifanya hivyo. Ule mwambao wote waliupita wakiwa wamelala.

Mwaka 1997 nilishuka tena Ikola. Vita vya Zaire vilikuwa vimefika Kalemie tangu mwanzoni mwa mwaka, na watu walikuwa wamevuka ziwa kwa maelfu kuja Tanzania, wengi wao wakapelekwa kambi za Mkoa wa Kigoma, Nyarugusu na Lugufu. Sisi wa Mpanda wakimbizi hatukuwaogopa, tulikuwa na makazi ya Katumba tangu mwanzoni mwa miaka ya sabini na ya Mishamo tangu mwisho wa muongo ule, Warundi ambao watoto wao nimewafundisha na ambao mwaka 2014 wengi walipewa vyeti vya uraia. Mama nilimkuta amezeeka ghafla. Kitabu cha wageni kilikuwa hakijaandikwa kwa miezi.

"Chumba kimoja hakikutosha, mwalimu," alisema. "Nikavua kufuli zote."

Alinionyesha kufuli hizo. Alikuwa amezitia kwenye kopo la maziwa, na funguo zake zimefungwa pamoja kwa uzi. Gesti haikuingiza shilingi muda wote ule. Waliomlisha ni wavuvi, kila boti ikirudi inamwachia bakuli la dagaa. Nikamuuliza kama yule mwanamke aliyekuwa na mtoto kifuani alikuwa miongoni mwa waliokuja. Alikuwa ameuliza kila boti, hakuwa.

Mama amefariki. Nyumba yake iko, mabati yameoza, na ziwa lilipopanda miaka hii ya karibuni maji yaliufikia ukuta wa chumba kile cha mwisho na kuubomoa. Liemba ilisimamishwa Kigoma kwa matengenezo ya muda mrefu. Karema sasa kuna bandari ya kisasa ya serikali, yenye gati na maghala, iliyojengwa kwa ajili ya mizigo ya Kalemie, na kila anayepita ananiambia viwanja vya gesti na hoteli vinanunuliwa kwa kasi. Nafurahi kwa hilo. Vijana wetu wanapanda mabasi siku nzima kwenda kutafuta fukwe za bahari, nao wana ufuko wao wenye maji matamu ya kunywa, karibu na Mpanda kuliko Sumbawanga ilivyo. Waende, na waende kwa miguu pale miguu inapofaa.

Kwenu ninyi mnaojenga, nina ombi moja, nalo ni la dhati. Mtakapochora ramani ya gesti zenu, tengeni chumba kimoja upande wa maji, msikitie kufuli na msikiandike kwenye hesabu ya mapato. Wekeni blanketi, khanga kavu, sabuni na kiberiti. Boti za mbao bado zinavuka kutoka Moba, na upepo wa kusini bado unavuma kila Julai.